Antivirusi Isiyotaka Kutoka

Kwenye maduka ya stesheneri mjini Makongolosi bado utakuta kompyuta ya mtumba ikichapa barua za wachimbaji na fomu za wanafunzi, ikiwa na Windows 7, mfumo ambao Microsoft waliacha kuuhudumia tarehe 14 Januari 2020. Kutwa inachomekwa flashi za kila mtu, hivyo mwenye duka huweka antivirusi ya majaribio. Muda wake ukiisha, anaweka nyingine bila kuitoa ya kwanza. Mashine inaanza kujikokota, maana kila faili linakaguliwa mara mbili na antivirusi mbili zinaligombania.

Akitaka kuitoa ile ya zamani, inagoma. Kwa hasira anaingia Program Files na kufuta folda yake. Tafadhali, usifanye hivyo.

Folda ile ni kipande kimoja tu. Kuna huduma zinazowaka pamoja na Windows, kuna draiva zilizokaa ndani ya System32, na kuna maelezo yaliyoandikwa kwenye rejista, daftari ambamo Windows huweka kumbukumbu ya kila kilichomo. Ukifuta folda, unafuta pia kile kifaili cha kuiondolea programu, huku rejista ikiendelea kukitafuta. Ndiyo maana ukibofya Uninstall unajibiwa kwamba faili halipo. Umeme ukikatika katikati ya kuiondoa programu, hali inaweza kuwa hiyohiyo. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS isubiri siku umeme umetulia.

Kugoma kwenyewe kuna sababu ya msingi. Virusi vingi vikiingia, hujaribu kwanza kuizima antivirusi, kwa hiyo watengenezaji wameipa kinga ya kujilinda. Fungua mipangilio yake, izime kinga hiyo, kisha iondoe kwa njia ya kawaida. Mara nyingi itatoka. Ikikataa, kampuni kama Kaspersky, Avast na McAfee hutoa bure programu ndogo ya kuondolea antivirusi zao. Ipakue kwenye tovuti ya kampuni yenyewe tu.

Kuitoa kwa mkono ni njia ya mwisho. Nakili kwanza nyaraka zako kwenye diski ya nje, kisha tengeneza alama ya kurudishia mfumo (restore point) kwa System Restore. Kwenye Windows 7, washa kompyuta ukibonyeza F8 kabla nembo ya Windows haijatokea, uchague Safe Mode. Humo huduma nyingi za programu za nje haziwaki. Fungua regedit, programu ya kuhariri rejista, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Services, utafute huduma zenye jina la antivirusi yako. Kabla ya kugusa chochote, bofya File, kisha Export, uhifadhi nakala.

Hapa ndipo panapohitaji utulivu. Usifute, badili thamani ya Start iwe 4, yaani huduma hiyo isiwake tena. Kosa likitokea, utairudisha namba ya zamani. Lakini baadhi ya draiva za antivirusi hujipachika kwenye kibodi au kwenye diski, na majina yake huandikwa kwenye UpperFilters au LowerFilters chini ya tawi la Control\Class. Ukiizima draiva na kuliacha jina lake pale, kibodi inaweza kufa. Toa jina hilo kwanza, na hilo peke yake. Majina mengine kwenye orodha, kama kbdclass, ni ya Windows.

Washa upya kwa kawaida. Mashine ikipanda vizuri, sasa futa folda, na ufunguo wake kwenye tawi la Uninstall la rejista. Intaneti ikigoma, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika netsh winsock reset, uwashe tena.

Antivirusi ya zamani ikishatoka, Windows 10 itaiamsha yenyewe Defender, antivirusi iliyokuja nayo. Defender ya Windows 7 hukamata programu za kijasusi tu, haizuii virusi, kwa hiyo weka antivirusi moja inayokubali Windows 7, na uzime AutoPlay kabla hujachomeka flashi ya mteja.