Gurudumu Lenye Pembe Ndani ya Kompyuta

Gurudumu la garimoshi na reli yake hugusana mahali padogo mno. Mzigo wa tani kadhaa hubebwa na eneo lililo karibu sawa na ukubwa wa sarafu, na ni hapo ambapo chuma huchoka, hulika na hatimaye hupasuka. Mhandisi atakaye kujua gurudumu litadumu muda gani hana budi kujua kwanza jinsi kani inavyogawanyika katika eneo hilo.

Msingi wa hesabu hii uliwekwa na Heinrich Hertz, mwanafizikia wa Ujerumani, aliyekuwa akichunguza lenzi za kioo zinapogandamizwa pamoja. Katika makala yake ya mwaka 1882 alionyesha kwamba tufe likikandamizwa juu ya bamba, kani lazima iongezwe mara 8 ili nusukipenyo cha eneo la mguso kiongezeke mara 2. Kanuni zake zingali zinatumika, ila zahitaji maumbo sahili. Kiungo bandia cha nyonga au meno ya gia si maumbo ya namna hiyo.

Kwa maumbo hayo hutumiwa kompyuta. Kitu hugawanywa katika vipande vidogo vingi, na hesabu ya kila kipande huunganishwa na ya jirani yake. Lakini vipande vilivyo sahili huwa na nyuso bapa, na kwa hiyo kilicho mviringo hugeuka kuwa chenye pembe. Chukulia gurudumu la kipenyo cha milimita 920 lililochorwa kwa pande 36. Kila upande utakuwa na urefu wa milimita 80 hivi, na katikati yake utakuwa umezama milimita 1.75 ndani ya duara halisi. Ilhali chuma chenyewe hubonyea kwa sehemu ndogo tu ya milimita. Kosa la mchoro limekuwa kubwa kuliko jambo linalopimwa!

Pembe zenyewe zina madhara zaidi. Kani ya mgandamizo hufuata mstari ulio pembemraba na uso. Juu ya upande bapa mwelekeo wa mstari huo haubadiliki. Mguso ukivuka pembe, mwelekeo huruka ghafla kwa nyuzi 10. Kompyuta nayo hutafuta jibu kwa njia ya Newton, yaani kukisia, kupima kosa, kisha kukisia tena. Karibu na pembe, kisio moja huipeleka nukta kushoto na la pili huirudisha kulia, na hesabu huzunguka bila kufika. Hata ikifika, kani huonekana ikipanda na kushuka kama gari katika barabara ya makorongo. Mhandisi akiyaamini mapigo hayo, ataongeza unene wa chuma pasipohitajika.

Kuongeza vipande hupunguza kosa, walakini pembe hubaki na muda wa hesabu hurefuka. Dawa iliyofaa zaidi ni kuvivika vipande hivyo ngozi laini ya kihisabati. Ngozi za aina hiyo zilitokana na kazi ya Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault, waliochora mabodi ya magari huko Ufaransa. Mwaka 2002 Michael Puso na Tod Laursen walitumia viraka vya Gregory kulainisha nyuso za mguso katika vipimo vitatu. Tangu mwaka 2005, kufuatia kazi ya Thomas Hughes na wenzake, wapo wanaofanya hesabu moja kwa moja juu ya uso laini wa mchoro wenyewe, bila kupitia vipande bapa.

Ngozi hiyo haifai kuvikwa kila mahali. Makali ya patasi ni pembe ya kweli, na programu isipoelezwa hivyo, itayalainisha nayo.