Mshubiri wa Chunguni na Mvua za Songea

Waswahili hunena "chungu kama shubiri". Mshubiri wenyewe, mmea unaotoa utomvu huo mkali, hupandwa pia katika vyungu na makopo kuwa pambo la baraza. Husifiwa kwa kustahimili ukame. Lakini katika mji wa Songea, ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, adui yake mkubwa si kiu bali maji.

Asili ya mshubiri unaolimwa zaidi duniani ni Bara Arabu, nchi yenye mvua haba. Jani lake nene ni ghala la maji: ndani limejaa ute, na nje limefunikwa kwa ngozi yenye nta. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta kabonidioksidi, na papo hapo hupoteza maji mengi kwa jua. Mshubiri huvifungua usiku. Hewa iliyovutwa huhifadhiwa ikiwa asidi; kukipambazuka vitundu hufungwa, asidi huvunjwa, na usanisinuru huendelea ndani ya jani lililofungwa. Barua ya Benjamin Heyne iliyochapwa London mwaka 1815 ilieleza jambo hilo kwa njia ya ulimi: majani ya mmea mwingine mnene, aliyoyaonja nchini India, yalikuwa makali asubuhi na yamepoteza ukali huo ifikapo adhuhuri. (Jaribio hilo lisifanywe kwa mshubiri, kwani utomvu wake wa manjano huharisha.)

Mmea unaobana matumizi kiasi hicho hunywa polepole. Mvua za Songea huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Chungu kikiachwa uani katika miezi hiyo, maji hujaza nafasi zilizokuwa na hewa udongoni, mizizi hukosa pumzi, kisha ukungu huiozesha. Mwenye mmea huona majani yamenywea, hudhani ni kiu, naye huongeza maji. Hapo ndipo mishubiri mingi huangamia.

Kinga huanza na chombo. Kopo lolote lafaa, mradi litobolewe chini, na sahani isiyomwagwa maji isiwekwe chini yake. Udongo mwekundu wenye mfinyanzi hushikamana ukilowa. Uchanganywe nusu kwa nusu na mchanga mnene wa mtoni. Mvua zikianza, chungu kihamishiwe upenuni, mahali penye mwanga lakini pasipofikiwa na matone. Wakati wa kiangazi maji yatiwe pale tu kijiti kilichochomekwa hadi chini kinapotoka kikavu. Katika baridi ya Juni na Julai, mara moja kwa mwezi yaweza kutosha. Mmea uliozoea kivuli usitolewe juani ghafla, maana majani hubabuka na kuwa mekundu.

Shina likishalegea na kunuka, dawa ni kisu. Mmea ung'olewe, mizizi myeusi ikatwe hadi penye nyama safi, na jeraha liachwe likauke kivulini kwa siku kadhaa kabla ya kupanda upya katika udongo mkavu. Maji ya kwanza yasubiri wiki nzima. Ikiwa uozo umekwisha kufika moyoni, huenda bado pembeni mna machipukizi mazima yenye mizizi yake. Hayo ndiyo ya kuokolewa.