Unataka kuongeza RAM kwenye kompyuta yako ya gemu? Soma hii kabla ya kulipa

Vijana wengi makambini na kwenye makazi ya wakimbizi wananunua kompyuta zilizotumika, hasa zile zilizotoka maofisini, kisha wanataka kuzifanya zicheze gemu. Kitu cha kwanza wanachoambiwa ni hiki: "Ongeza RAM." Ushauri huo mara nyingi ni sahihi. Lakini RAM si kama chaja ya simu ambayo ikikosea unabadilisha kesho. Ukiishi Kakuma, safari ya Nairobi inahitaji kibali. Ukiishi Nyarugusu, hutoki kambini hivi hivi. Ukiwa Nakivale, kurudisha kitu Kampala ni nauli nyingine. RAM isiyofaa ikishafika mikononi mwako, mara nyingi pesa yako imeshapotea.

Makala haya yanakueleza jinsi ya kuchagua RAM inayokubaliana na kompyuta yako, na jinsi ya kuiongezea kasi kidogo bila kuharibu kitu.

RAM inafanya kazi gani?

Fikiria meza ya fundi cherehani. Kabati ndiyo diski, ambako vitambaa vyote vimehifadhiwa. Meza ndiyo RAM, ambako fundi anaweka anachokishona sasa hivi. Meza ikiwa ndogo, fundi anasimama kila dakika kwenda kabatini. Ndiyo maana gemu inakwama kwama.

Gemu zenyewe hutaja kiasi zinachohitaji. Kwa mfano, toleo la awali la GTA V linataka angalau GB 4, na GB 8 ndizo zinazopendekezwa. EA Sports FC 24 inaanzia GB 8. Kwa hiyo kompyuta yenye GB 4 itahangaika, na kufika GB 8 kutaleta tofauti utakayoiona. Lakini kama tayari una GB 16 na gemu bado ni nzito, tatizo huenda ni kadi ya grafiki au prosesa. Usitupe pesa kwenye RAM zaidi.

Pia angalia Windows yako. Ikiwa ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukifunga GB 16. Unahitaji kwanza kuweka ya biti 64.

Anza kwa kuijua kompyuta yako

Usimuulize muuzaji kwanza. Iulize kompyuta.

Kwenye Windows 10 au 11, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Fungua sehemu ya Performance, kisha Memory. Hapo utaona kiasi cha RAM, kasi yake, na nafasi ngapi zimetumika. Ukiona "1 of 2", maana yake una nafasi moja tupu.

Ili kujua aina ya RAM, tumia programu ndogo ya bure inayoitwa CPU-Z. Inaweza kuletwa kwa fleshi, haihitaji intaneti kufanya kazi. Sehemu ya Memory itakuonyesha kama ni DDR3, DDR4 au DDR5. Usishtuke ukiona kasi imeandikwa 800 wakati RAM imeandikwa 1600. CPU-Z inaonyesha nusu, kwa sababu DDR inasafirisha data mara mbili katika kila pigo. Zidisha kwa 2.

Kizazi lazima kilingane

DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Kila moja ina mkato wake mahali tofauti, kwa hiyo haitaingia. Ukiilazimisha utavunja nafasi yake kwenye madabodi. Tena, RAM ya kompyuta ya mezani ni ndefu, na ya laptopu ni fupi, karibu nusu yake.

Hii ni mifano ya kompyuta za ofisi zinazopatikana sana sokoni:

- Dell OptiPlex 3020, 7020 (toleo la zamani) na 9020: DDR3.
- HP EliteDesk 800 G1: DDR3.
- Dell OptiPlex 7040 na 7050: DDR4.
- HP EliteDesk 800 G2: DDR4.

Kwenye laptopu za zamani kuna jambo jingine: DDR3L. Herufi L inaonyesha kwamba inatumia umeme mdogo, voltu 1.35 badala ya 1.5. Laptopu nyingi za DDR3 zilizotengenezwa tangu mwaka 2013 zinataka DDR3L tu. Ukiweka DDR3 ya kawaida, zinaweza kukataa kuwaka. Kinyume chake hakina shida: DDR3L inafanya kazi pia mahali pa DDR3 ya kawaida.

Jifunze kusoma lebo

Kila kipande cha RAM kina karatasi ndogo yenye maandishi kama "8GB 2Rx8 PC3-12800U". Usiogope, ni rahisi:

- 8GB ni kiasi.
- PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4, PC5 ni DDR5.
- Kwenye DDR3, 12800 gawa kwa 8 upate kasi: 1600. Kwenye DDR4, lebo ikiandika 19200 ni kasi ya 2400, na 25600 ni 3200. Lebo nyingine za DDR4 huandika kasi yenyewe, kama "PC4-2400T", hapo usigawe.
- Herufi U ni ya kompyuta ya mezani. Herufi S ni ya laptopu. Herufi R ni ya seva.

Mtego mkubwa: RAM ya seva

Herufi R ndiyo inayowaliza watu. Seva za makampuni zikitolewa kazini, RAM zake huuzwa kwa bei ya chini sana. Kwa macho inafanana sana na RAM ya kawaida, na inaingia kwenye nafasi vizuri. Lakini kompyuta ya kawaida haitawaka nayo. Utasikia milio tu, au skrini itabaki nyeusi. Muuzaji atakuambia kompyuta yako ni mbovu, kumbe RAM haikutengenezwa kwa ajili yake.

Ukiona R hiyo (si ile iliyo ndani ya "2Rx8"), au maneno "ECC Registered", au bei ambayo ni nusu ya bei ya wengine, simama kwanza. Pia kuna RAM za DDR3 zinazouzwa kwa bei nafuu kwa ajili ya kompyuta za AMD tu. Kama prosesa yako ni ya Intel, usizichukue.

Mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa

Kama hauna kadi ya grafiki ya pembeni, prosesa yako inachora picha za gemu kwa kuazima RAM. Hapo vipande viwili vya GB 4 vitakupa mwendo mzuri kuliko kimoja cha GB 8, kwa sababu data inapita njia mbili badala ya moja. Vipande viwili vinavyofanana kiasi na kasi ndivyo vinavyofaa zaidi. Vikitofautiana kasi, vyote vitakwenda kwa mwendo wa kile cha polepole.

Kumbuka pia kwamba kilichoazimwa kinapungua. Kompyuta yenye GB 8 ikitenga GB 2 kwa picha, inabakiwa na 6 kwa kazi nyingine.

Kwenye madabodi yenye nafasi nne, mara nyingi vipande viwili hukaa nafasi ya 2 na ya 4 ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Angalia maandishi au rangi kwenye madabodi yenyewe.

Unapofunga, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja ili kumaliza umeme uliobaki, na uguse chuma cha kasha kabla ya kushika RAM. Kwenye laptopu, toa na betri. Sukuma mpaka usikie mlio wa kujifunga. Ikikataa kuwaka, itoe, safisha meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, pangusa mabaki, na ujaribu tena. Mara nyingi shida ni vumbi tu.

Kuongeza kasi kidogo: nani anaweza?

Kuongeza kasi ni kuifanya RAM iende haraka kuliko kiwango ambacho kompyuta inakianzisha yenyewe. Si kila kompyuta inaruhusu.

Kompyuta za ofisi za Dell na HP tulizotaja zimefungwa. Ukinunua RAM ya 3200 na kuiweka kwenye OptiPlex 7040, itakwenda kwa 2133 tu. Kwa hiyo usilipe zaidi kwa ajili ya kasi usiyoweza kuitumia. Chukua iliyo nafuu na yenye aina sahihi.

Wanaoweza ni wenye madabodi za AMD kama B350 na B450, au za Intel zenye herufi Z, kama Z170 na Z370. Watakaoona faida zaidi ni wenye prosesa kama Ryzen 3 2200G, ambayo inachora picha yenyewe. Fuata hatua hizi:

1. Nakili faili zako muhimu kwenye fleshi.
2. Ingia kwenye BIOS kwa kubonyeza Del au F2 mara tu kompyuta inapowaka.
3. Tafuta XMP. Kwenye madabodi nyingine za AMD inaitwa DOCP. Iwashe. Hii ni mipangilio ambayo mtengenezaji wa RAM ameshaijaribu. Kuna watu wamelipia RAM ya 3200 na wanaiendesha kwa 2133 miaka yote kwa sababu hawajawahi kuiwasha.
4. Hifadhi, washa upya, na uhakikishe kasi imepanda.
5. Pima kwa MemTest86, ambayo inaendeshwa kutoka kwenye fleshi. Iache imalize, hata ikichukua saa kadhaa. Kosa moja tu ni kosa. Likitokea, shusha kasi kidogo, kwa mfano kutoka 3200 hadi 3000, na upime tena.

Usiguse voltu kupita kilichoandikwa kwenye RAM. Kwa DDR4 nyingi zenye XMP ni 1.35. Kompyuta ikikataa kuwaka kabisa, chomoa umeme, toa betri ndogo ya mviringo kwenye madabodi, subiri dakika chache, irudishe. Mipangilio itarudi mwanzo.

Kwa nini usiruke kipimo?

Kwa sababu RAM isiyotulia haizimi kompyuta kila mara. Wakati mwingine inaharibu faili kimya kimya. Na kompyuta ya gemu makambini ni nadra kuwa ya gemu tu. Ndiyo hiyo hiyo yenye maombi ya skolashipu, vyeti vilivyoskaniwa na kazi za watu unaowachapia. Kupata picha chache zaidi kwa sekunde hakulingani na cheti kimoja kisichofunguka.

Umeme nao ni wa kuangaliwa. Sola na jenereta hupanda na kushuka, kwa hiyo usibadilishe chochote kwenye BIOS wakati umeme unayumba. Joto na vumbi pia hufanya kasi iliyokubali asubuhi ikatae mchana. Safisha feni, na ufanye kipimo chako saa za joto kali. Kikipita hapo, kitapita usiku.

Mtu akikuambia gemu ni upuuzi, mweleze habari za Lual Mayen. Alikulia kambini kaskazini mwa Uganda baada ya familia yake kukimbia vita katika eneo ambalo sasa ni Sudan Kusini. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu kupata dola 300 za kumnunulia laptopu, na yeye alikuwa akitembea saa tatu kwenda kuichaji. Kwa laptopu hiyo alijifunza kutengeneza gemu, akatengeneza Salaam, gemu ya kuhusu amani, na mwaka 2018 alitambuliwa kwenye tuzo za The Game Awards.

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha:

- Umeandika jina na namba ya kompyuta yako, au umeipiga picha RAM iliyomo sasa.
- Unajua kizazi, urefu, na kama ni DDR3 au DDR3L.
- Lebo ina U au S, si R.
- Kama unamtuma mtu mjini, umempa picha ya lebo, si maneno ya mdomo tu.
- Muuzaji amekubali kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, kwamba utarudisha isipofanya kazi, na ndani ya siku ngapi.
- Ikiwezekana, imejaribiwa kwenye kompyuta mbele yako, au mbele ya uliyemtuma.