Mfuko wa mtoto tunapokwenda kwa kongamano
Masomo: Kutoka 10:8-11, Luka 2:41-45



Farao alipomwuliza Musa ni nani watakaokwenda kumtumikia Mungu, Musa alijibu kwamba wote watakwenda, wazee na vijana, wana na mabinti, hata mifugo. Farao akakataa. Yeye alitaka wanaume peke yao. Habari hiyo tunaihubiri sana, na kanisa linaitikia amina. Lakini siku ya safari, nani amefikiri mtoto atakunywa nini njiani?

Miaka iliyopita nilitoka Lubumbashi kwenda Likasi kwa kongamano la wamama, siku tatu tu, pamoja na mtoto wangu wa miezi kumi. Ni kilometa 120 hivi. Nikasema moyoni, kabla ya saa sita tumefika. Nilifunga vitu vizuri kabisa, ila nilivifunga vyote ndani ya valizi moja, na valizi ikapandishwa juu ya bisi, chini ya magunia ya watu. Tulipopita peaji ya Lumata, bisi ikaharibika. Saa nane mtoto akaanza kuhara. Seromu ya kunywa ilikuwa juu. Makushi yalikuwa juu. Trikoti ilikuwa juu. Jua liliposhuka, baridi ya kipwa ikaingia, nami nilibaki na kitenge kimoja, tena kilichokwisha kulowa. Dada mmoja akaniambia, mama, sisi tuombe tu, mtu wa imani habebi duka la dawa. Tukaomba. Kisha mzee mmoja akapanda juu, akakata kamba, akashusha valizi, na hapo ndipo mtoto alikunywa. Mimi sikuona kwamba maombi yetu na kisu cha yule mzee vilipingana.

Tangu siku ile nafunga mifuko miwili. Mkubwa uende juu ya bisi. Mdogo ukae mapajani au miguuni pangu, hata konvwayeri akikasirika.

Ndani ya mdogo natia makushi manne au matano, kitambaa na sabuni, nguo moja ya kubadilisha ya mtoto, na blauzi yangu moja, kwa maana mtoto akitapika hatapiki juu yake peke yake. Trikoti, soksi na kofia ni humo, hata kama asubuhi jua ni kali. Maji yawe yale yaliyochemshwa, ndani ya chupa yenye kifuniko.

Kuhusu chakula, wamama wengi tunakosea. Mtoto ambaye hajafikisha miezi sita chakula chake ni maziwa ya mama tu, hata maji usimpe kwa sababu ya joto. Basi mkate na maji ya safari ni vyako wewe, mama, ule na unywe upate kunyonyesha. Anayekunywa maziwa ya unga, beba unga mkavu, na maji ya moto ndani ya termosi, uchanganye saa ile ile ya kunywa. Mkubwa kidogo, usimbebee uji uliopikwa alfajiri ili aunywe mchana. Baada ya saa mbili hivi katika joto unaanza kuharibika, na kuhara kwingi kwa safarini kunatoka hapo. Ndizi mbivu ndani ya ganda lake, au yai la kuchemsha ambalo halijamenywa, hilo mavumbi ya njia hayaligusi. Unga wa uji upikwe huko tunakokwenda.

Seromu ya kunywa, paketi mbili, zisikose. Paketi moja ni kwa litre moja kamili ya maji safi. Angalia, chupa kubwa nyingi za dukani ni za litre moja na nusu, zinatudanganya. Pima na chupa mbili za nusu litre. Ikipita siku moja, imwage. Ukikosa paketi, weka vijiko vidogo sita vya sukari, visivyojaa mlima, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kwa litre moja. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko, na kunyonya kuendelee. Lakini macho yakiingia ndani, au mtoto akilegea, akishindwa kunywa, au ukiona damu, ondoka mkutanoni uende kituo cha afya, hata kama mhubiri bado yuko juu ya mimbari.

Kwa hiyo ubebe na karti ya CPS. Ina chanjo zake na kilo zake, na dawa ya homa hupimwa kwa kilo. Dawa ya malaria iliyobaki ya mtoto mwingine iache nyumbani. Akipata homa, apimwe damu kwanza.

Mfuko mkubwa hauna maneno mengi. Bebe wa chini ya mwaka, hesabu makushi ishirini na zaidi kidogo kwa siku tatu. Blanketi nzito ni lazima, kwani mwezi wa sita na wa saba usiku huku Katanga baridi yaweza kushuka chini ya digri 10, nasi mara nyingi tunalazwa ndani ya darasa la shule, juu ya simenti. Beba mkeka. Beba mustikeri pamoja na kamba nne na misumari. Nimeona mustikeri nyingi zikigeuka mito ya kulalia kwa kukosa kamba.

Wazazi wa Yesu walitembea siku nzima wakidhani mtoto yuko pamoja na wenzao wa safari. Yeye alikuwa na miaka kumi na miwili. Wako ana miwili, na tunapofumba macho katika maombi anatambaa mpaka barabarani. Andika namba ya simu ya papa yake ndani ya nguo yake. Na kabla ya maombi, mwambie mtu mmoja kwa jina, kwa mdomo: dada fulani, mtoto ni wako sasa. Asikuitikie kwa kichwa tu.

Siku ya mwisho, kabla ya kuwagawia wengine vilivyobaki, jaza tena mfuko mdogo. Njia ya kurudi ni ile ile, na bisi ni ile ile.