KUCHAGUA NJIA KATIKA MILIMA YA THELUJI

Askari yeyote aliyepitia chuo cha mafunzo anajua kwamba ardhi humlinda anayeisoma na humwangamiza anayeipuuza. Kanuni hiyo yathibitika kila mwaka katika milima ya magharibi ya Kanada, ambako maelfu ya raia hupanda miteremko kwa pikipiki za theluji. Chombo hiki kina skii mbili mbele na mkanda wa mpira nyuma. Joseph-Armand Bombardier wa Quebec alianza kukiuza kwa jina la Ski-Doo mwaka 1959. Chaenda kasi na chafika mbali, lakini hakimwambii mpandaji mahali pa kwenda. Uamuzi huo ni wake mwenyewe, na hapana budi aufanye kabla ya kuwasha injini.

Katika milima inayouzunguka mji wa Revelstoke, jimboni British Columbia, huanguka zaidi ya mita 10 za theluji kwa mwaka. Theluji hiyo hujipanga tabaka juu ya tabaka, na mara nyingine tabaka dhaifu hufichika chini ya tabaka gumu. Hapo uzito wa mtu mmoja na mashine yake watosha kuuporomosha mteremko mzima. Maporomoko mengi ya hatari hutokea penye mwinamo wa digrii 30 hadi 45, na hiyo ndiyo miteremko inayowavutia sana wapandaji. Mwenye busara hujiuliza maswali mawili: mwinamo huu ni mkali kiasi gani, na juu yangu kuna nini? Hata bonde tambarare laweza kuwa kaburi ikiwa juu yake pamelala mzigo wa theluji.

Historia ina ushahidi. Usiku wa Machi 4, 1910, katika njia ya mlimani iitwayo Rogers Pass, wafanyakazi wa reli walikuwa wakiondoa theluji iliyoporomoka kutoka upande mmoja. Mara poromoko la pili likashuka kutoka upande wa pili, likaua watu 58. Tangu mwaka 1961 wapiga mizinga wa jeshi la Kanada wamepewa kazi katika njia hiyo hiyo. Barabara hufungwa, kisha mizinga ya milimita 105 huiangusha theluji kabla haijawaangukia wasafiri.

Mpanda pikipiki hana mzinga. Silaha yake ni taarifa ya hali ya theluji, ambayo hupima hatari kwa ngazi tano. Machi 13, 2010, katika mlima Boulder karibu na Revelstoke, watu wapatao 200 walikusanyika kutazama wenzao wakishindana kupanda mteremko, ingawa tahadhari ilikwisha tolewa. Theluji iliporomoka, watu 2 wakafa na zaidi ya 30 wakajeruhiwa.

Basi taratibu za kufuata ni hizi. Taarifa ikionya, chagua njia za msituni na ardhi yenye mwinamo mdogo. Mteremko wenye shaka uvukwe na mtu mmoja mmoja, wengine wakingoja mahali ambapo poromoko haliwezi kufika. Kila mtu avae mwilini redio ndogo ya kumtafutia aliyefukiwa, tena awe na koleo na fimbo ndefu ya kuchomea theluji. Matumaini ya aliyefukiwa hupungua haraka baada ya dakika 10 hivi, na helikopta ni nadra kuwahi. Mwokozi wake ni yule mwenzake aliye karibu.

Kiongozi wa msafara ndiye mwenye mzigo mkubwa kuliko wote. Vijana wenye mashine zenye nguvu hawapendi kuambiwa kwamba leo kilele hakipandwi. Hata hivyo, amri ya kugeuza ni amri halali kama ile ya kusonga mbele, na huhitaji moyo mgumu zaidi. Wahenga walikwisha nena: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.