Hata Daktari Husoma

Somo letu la leo ni mzio. Mzio ni nini? Ni mwili kupigana na kitu kisichowadhuru watu wengine, kama karanga au maziwa. Ngozi huwasha, midomo huvimba. Pengine pumzi huziba, na mtu aweza kufa.

Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri kwamba mtoto aliye katika hatari ya mzio asipewe karanga mpaka atimize miaka 3. Lakini mwaka 2015 uchunguzi uliofanywa London kwa watoto 640 ulionyesha kinyume. Katika kila watoto 100 walionyimwa karanga, kama 17 walikuwa na mzio wake walipofika miaka 5. Katika kila 100 waliolishwa chakula laini cha karanga tangu uchanga, walikuwa kama 3 tu. Mwaka 2017 Marekani ikatoa shauri jipya.

Je, muuguzi aliyehitimu mwaka 2005 atajuaje? Hana budi kusoma tena. Siku hizi masomo hayo hupatikana kwa intaneti: husoma, hujibu maswali, wala haachi wagonjwa wake.

Nanyi wazazi, msijaribu peke yenu. Mwulizeni daktari kwanza.

Basi msione haya kusoma ukubwani. Anayewatibu naye ni mwanafunzi. Kwaherini.