Atriplex, ndugu ya lengalenga mwenye kuishi jangwani

Lengalenga yenye tunakula nyumbani iko na ndugu ku jangwa. Jina lake ni Atriplex, wa jamaa moja, Amaranthaceae. Mingi ni vichaka vifupi, majani inaonekana nyeupe kama fedha, unasema waliyamwangia vumbi. Ile vumbi ndiyo siri yake.

Mimea mingi ikikuta chumvi mu udongo inakauka. Atriplex inanyonya chumvi pamoja na maji, kisha inaisukuma mu tufuko tudogo sana juu ya jani. Tufuko tukijaa tunapasuka, chumvi inabaki pale inje na inarudisha mwangaza wa jua.

Aina zake zinapita 250. Atriplex halimus ni ya Afrika ya Kaskazini na pande za Mediterania. Atriplex nummularia ya Australia inaweza kufika metre 3, kwa hiyo ile "fupi" ni ya kusema tu. Atriplex canescens ya Marekani iko na mimea dume na mimea jike, na ingine inabadilisha jinsia kisha ukame ao baridi kali! Atriplex semibaccata inatambaa chini. Walipoitosha Australia na kuifikisha California, ikageuka magugu.

Kwa nini ninaandika? Juu kuko wenye kusema: panda Atriplex, udongo wa chumvi utapona na mbuzi watashiba. Polepole. Majani makavu inaweza kuwa na majivu kupita 20%, na sehemu kubwa ni chumvi. Kondoo mwenye kula hiyo peke yake anakunywa maji mingi na anakonda. Wafugaji wanaichanganya na nyasi kavu ao nafaka. Tena, chumvi yenye mnyama alikula inarudi palepale kwa mkojo. Hata ukikata matawi na kuyapeleka mbali, chumvi inapunguka kidogo tu kila mwaka. Kwetu mu bonde la Ruzizi, kwenye kuko udongo wa chumvi, mifereji ya kutosha maji inakuja mbele ya mbegu yoyote ya kigeni.

Mwenye anataka kuijaribu kwa masomo, ajue hii: ganda la mbegu nalo liko na chumvi, na inazuia mbegu kuota mpaka mvua iioshe. Uloweke mbegu na kumwanga yale maji mbele ya kupanda.